SystemRescue: flashi iliyofufua seva niliyoiua kwa mikono yangu

Wakuu, leo niongelee hii SystemRescue, maana imekaa kwenye flashi yangu karibu miaka miwili bila kazi mpaka usiku mmoja mwezi uliopita ndo nikajua kumbe natembea na mali. Ni ya bure, hakuna aliyenilipa hata soda, na kabla sijaisifia inabidi nikiri upuuzi wangu kwanza, bila huo upuuzi hamtaelewa kwa nini naipa nyota nne na nusu.

Kwa asiyeijua, ni Linux nzima inayobuti kutoka kwenye flashi. Huinstoli kitu, unachomeka, unawasha mashine, unaingia moja kwa moja kama root (mtumiaji mwenye mamlaka yote) ukiwa na zana za kutibu diski na mfumo uliolala. Zamani ilikuwa inaitwa SystemRescueCd na ilijengwa juu ya Linux ya Gentoo, toleo la 6 mwaka 2019 wakahamia Arch. Ukitaka dirisha na mausi unaandika startx inakuja XFCE, ndani kuna zana za diski kama GParted, TestDisk, ddrescue na kadhalika. Mimi hilo dirisha sikuligusa kabisa usiku ule.

Sasa kisa. Nahudumia seva ya SACCOS moja hapa Morogoro, Dell PowerEdge R720 ya mtumba, ina kadi ya RAID ya PERC H710 (inaunganisha diski kadhaa zionekane kama moja), juu yake Linux ya Debian 12. Ilikuwa inafanya kazi vizuri tu haina shida yoyote, naomba hilo mlikumbuke. Mimi nikapata kiherehere, nikasema ngoja niikompailie keneli yangu mwenyewe (kile kiini cha Linux kinachoongea na vifaa), 6.12, niondoe makorokoro yote yasiyohitajika iwe nyepesi ibuti haraka. Ibuti haraka! R720 peke yake inatumia dakika kadhaa kuhesabu RAM na kukusanya taarifa za vifaa vyake kabla hata GRUB (menyu inayochagua na kupakia keneli) haijatokea, mimi natafuta kuokoa sekunde tano.

Nikachukua konfigi ya Debian ile iliyopo /boot nikaifanya msingi, nikaingia menuconfig, menyu ya kuchagua vya kuweka kwenye keneli, nikaanza kufyeka. Sauti, toka. Bluetooth, toka. Wireless zote, toka. Nikafika sehemu ya SCSI nikakuta menyu ya SCSI low-level drivers, ndani yake orodha ndefu ya kadi ambazo nyingine sijawahi kuziona maishani, nikajiambia hii seva RAID yake ni ya hadiwea, kadi inajitegemea, mfumo unaona diski moja tu, sda, basi, haya madraiva ya nini. Nikaitoa menyu nzima. Nikapiga make, feni zikaanza kulia kama ndege inataka kuruka, nikaenda kula.

Niliporudi imeisha. Nikapiga modules_install kuweka moduli (madraiva yanayokaa nje ya keneli), sawa. Nikaangalia /boot, keneli zinapokaa, nikaona imebaki nafasi finyu, ni patisheni ya kama MB 236 tu aliyoiacha jamaa aliyeinstoli mwanzo. Nikaamua nifute keneli ya zamani. Apt, ile ya kuinstoli na kufuta programu za Debian, ikanionya kwa herufi kubwa kwamba hiyo unayotaka kuifuta ndo unayoitumia sasa hivi, je tusitishe? Nikajibu hapana. Yaani mashine imeniuliza kwa heshima kabisa kama nina akili timamu nami nikajibu kwa kujiamini.

Halafu nikaandika hivi kwenye mstari mmoja: make install; update-grub; reboot, yaani weka keneli, andika upya menyu ya GRUB, ribuuti. Angalieni hizo nukta mkato. Ningeweka && ile amri ya kwanza ikifeli zilizobaki zisingeendelea, lakini nukta mkato haijali, hii ikifeli inaenda inayofuata. Hapo nilikuwa nimesharudi nyumbani, naingia kwa SSH (njia ya kuandika amri kwenye mashine ukiwa mbali), nikaona neno done likapita, koneksheni ikakatika, nikasubiri. Dakika tano. Dakika kumi. Ping hakuna. Dakika ishirini hakuna. Na iDRAC ya hiyo seva (kifaa cha Dell cha kuisimamia ukiwa mbali) ni ya leseni ya Express, haina ile ya kuona skrini ukiwa mbali. Nikachukua boda.

Nafika getini saa tatu na nusu usiku, mlinzi ananishangaa. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, kuna nini usiku huu?" Nikamwambia mashine inaumwa kidogo. Akafungua bila maneno mengi, akaniletea na kiti.

Nikachomeka monita ya VGA mbele ya seva, nikakuta imesimama hapa:

VFS: Cannot open root device "/dev/mapper/vg0-root" or unknown-block(0,0): error -6
Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)

Hizo sifuri mbili zina maana, msizipite tu. Zikiwa namba, mfano (8,2), keneli imeiona diski, hiyo 8,2 ni sda2, shida ipo kwenye kuisoma patisheni, pengine draiva ya ext4 haipo. Zikiwa sifuri sifuri, keneli haijui kabisa mahali pa kupata root, yaani sehemu ya diski yenye mfumo wenyewe. Na hapa root iko kwenye LVM (mpango wa Linux wa kugawa diski), LVM haiamki yenyewe, inahitaji ile initrd, mfumo mdogo unaopakiwa pamoja na keneli, iiamshe kwanza. Kwa hiyo nikahisi initrd haipo. Nikarudi GRUB nichague keneli ya zamani kwenye Advanced options kama mtu yeyote mwenye busara, nikakuta keneli moja tu. Ile niliyoifuta nilishaifuta. Hapo ndo jasho lilianza, maana meneja alishanipigia njiani akasema "kijana, kesho saa mbili asubuhi wanachama wanakuja kuchukua mikopo, usiniangushe."

Hapo sasa ndo SystemRescue ikaingia. Kwenye funguo zangu nina flashi yenye Ventoy (inakuwezesha kubuti ISO, yaani faili la mfumo mzima, bila kuliandika upya) na ISO nne tano, mojawapo hii. Toleo lenyewe lilikuwa la zamani kidogo, sikujali. F11 kwenye Dell inakupa menyu ya kuchagua cha kubuti, nikachagua flashi, nikachagua SystemRescue, ndani ya dakika nipo ndani. Nikaandika lsblk. Diski ikaonekana. Patisheni zote zipo, vg0 ile ya LVM ipo. Nilikaa kwenye kile kiti cha mlinzi nikavuta pumzi, maana mpaka dakika hiyo nilikuwa siamini kama data zipo salama.

Kazi yenyewe ni ya kawaida kwa waliowahi kuifanya: vgchange -ay kuiamsha LVM, unamaunti root kwenye /mnt, unamaunti /boot kwenye /mnt/boot, una-bind /dev, /proc, /sys na /run, unaingia kwa chroot, yaani unafanya kazi ndani ya mfumo wa diski kama vile umebuti humo. Hiyo ya /boot msiisahau. Mimi niliisahau mara ya kwanza, nikaingia nikaangalia /boot ni tupu kabisa hata keneli hamna, moyo ukapiga paa, kumbe naangalia folda tupu ambayo patisheni haijakaa juu yake. Ningetengeneza initrd pale ingeandikwa vizuri kabisa kwenye hiyo folda, halafu GRUB ikibuti isiione, nami ningeendelea kuzunguka mpaka asubuhi.

Halafu hapa kuna kero ya kwanza ya SystemRescue. Ukiingia chroot kwenye Debian ukaandika update-initramfs, amri ya kutengeneza initrd, inakujibu command not found. Unadhani umeharibu kitu kingine tena. Hujaharibu. Arch imeunganisha sbin na bin, kwa hiyo PATH yake (orodha ya folda ambako amri zinatafutwa) haina /usr/sbin, na wewe umeingia Debian ukiwa umebeba PATH ya Arch. Ingia kwa chroot /mnt /bin/bash -l, hiyo -l inasoma profaili ya Debian na kila kitu kinakaa sawa. Mtu mgeni hapo anaweza kupoteza nusu saa. Mimi nilipoteza dakika kumi na nina miaka kwenye hii kazi.

Nikapiga update-initramfs, ndo nikaona kosa ambalo lilinipita wakati ule nipo nyumbani: No space left on device. Konfigi ya Debian imewasha taarifa za debagi, ukikompaili mwenyewe bila kuzikwangua moduli zinatoka nzito kupita kiasi, kwa hiyo initrd ikavimba mpaka haikuenea /boot hata baada ya kufuta keneli ya zamani. Dawa yake ni kurudia modules_install ukiwa umeweka INSTALL_MOD_STRIP=1, nikarudia, moduli zikakonda, initrd ikaingia na nafasi ikabaki. Na update-grub safari hii ikaandika mistari miwili, Found linux image na chini yake Found initrd image. Jioni ile ule mstari wa pili haukuwepo, mimi nimeangalia done tu.

Nikaribuuti nikijiona fundi. Mlinzi akachungulia dirishani. "Mwanangu, imepona?" Nikamwambia bado dakika mbili mzee.

Haikupona. Safari hii hakuna panic, imesubiri weee halafu ikaandika Gave up waiting for root file system device, ikafuata ALERT kwamba /dev/mapper/vg0-root haipo, ikanitupa kwenye ile shell ndogo ya dharura, (initramfs), yenye BusyBox. Hii ni hatua mbele kidogo, initrd imefanya kazi yake imeamka, inatafuta diski haioni. Nikaandika cat /proc/partitions. Tupu. Siyo LVM imegoma, hata sda yenyewe hakuna, kama vile seva haina diski kabisa. Nikaanza kuwaza kadi ya RAID imekufa, maana seva ya mtumba hiyo, umeme wetu mnaujua.

Nirudi kwenye rivyu sasa, maana hapa ndo sababu ya kuandika. Watu wakiisifia SystemRescue wanaorodhesha zana, ina hiki ina kile. Kwangu thamani yake kubwa ni kwamba keneli yake imekuja na draiva karibu za kila kitu, kwa hiyo flashi ikiiona diski na keneli yako haiioni umeshajua mgonjwa nani. Siyo diski, siyo kadi, siyo kebo. Ni keneli yako. Na haikuachii hapo, inakutajia kabisa unachokosa. Nikabuti flashi tena, nikaandika lspci -k, nikashuka mpaka kwenye kadi ya RAID:

Kernel driver in use: megaraid_sas

Basi. Mstari mmoja. Nikaenda kwenye /usr/src ndani ya diski nikatafuta MEGARAID kwenye ile .config yangu, hakuna hata mstari mmoja, nikatafuta SCSI_LOWLEVEL nikakuta "# CONFIG_SCSI_LOWLEVEL is not set". Ile menyu niliyoifyeka mchana kwa kujiamini. Kadi inajitegemea kwenye kupanga diski, ndiyo, lakini kuongea na keneli inahitaji draiva kama kadi nyingine yoyote, na megaraid_sas inakaa humo humo ndani ya ile orodha niliyosema ya nini. Nilicheka peke yangu, mlinzi akadhani mambo yamekaa sawa.

Saa saba usiku hiyo. Ningeweza kuwasha ile menyu nikompaili upya, lakini sikuwa tayari kwa mshangao wa tatu. Nikaamua nirudishe keneli ya Debian kwa apt nikiwa ndani ya chroot. Intaneti ya ofisi kifurushi kimeisha (ndiyo, SACCOS, kifurushi kimeisha, tusiongee sana), nikachomeka simu kwa waya wa USB nikawasha tethering, SystemRescue ikaipokea yenyewe bila kuuliza kitu, hapo nikaipenda zaidi. Ukikuta ndani ya chroot majina ya tovuti hayafunguki, kopi /etc/resolv.conf ya flashi uiingize kwenye ya kwako. Nikapiga apt install linux-image-amd64, ikashuka, initrd ikatengenezwa, Found linux image, Found initrd image, nikasoma kila mstari kama mtu anasoma matokeo ya mtihani. Ribuuti. Feni zikalia, RAM ikahesabiwa, GRUB, na baada ya muda ile login: ikatokea. Saa nane na dakika kama ishirini.

Mazuri mengine niliyoyaona kwa ufupi. Kwenye menyu ya mwanzo kuna chaguo la kubuti Linux iliyopo kwenye diski kwa kutumia keneli ya flashi yenyewe, inaitwa findroot. Sikuitumia ila ningekuwa na haraka ya kuwapa watu mfumo asubuhi hiyo ingekuwa njia ya mkato nzuri, ila ujue moduli za keneli ya flashi hazipo kwenye diski yako kwa hiyo vitu vingine vinaweza vikagoma. Pia ukibuti na copytoram inapanda yote kwenye RAM na unaweza kuchomoa flashi ukaenda kuitumia kwenye mashine nyingine. Na memtest ya kupima RAM ipo humo humo, kwa mafundi wa mtumba hiyo peke yake inatosha.

Kero. PATH nimeshasema. Ya pili, fayawoli imewashwa tangu mwanzo, kwa hiyo ukitaka kuingia kwa SSH kutoka kwenye laptopu yako ukiwa umekaa mbali na kelele za feni unaona inagoma tu bila maelezo, inabidi wakati wa kubuti uongeze nofirewall na rootpass= na nenosiri lako. Kiusalama wana haki, ila nani anakumbuka hayo saa nne usiku. Ya tatu ni ukubwa, ISO ni kama GB 1 na kila toleo jipya unashusha yote upya, kwa bando za kwetu unaliona. Ya nne siyo kosa lao: wekeni kwenye flashi ya maana. Ya kwanza niliyoinunua Kariakoo iliandikwa GB 64, ukiandika ikapita kama GB 7 mafaili yanageuka takataka, niligundua mapema bahati nzuri, ingekuwa ndo usiku ule sijui.

Na nisiwadanganye, kwa tatizo langu hata ile ISO ya kawaida ya kuinstoli Debian ingetosha. Ina Rescue mode kwenye Advanced options, inakuuliza root ipo wapi, inaimaunti na kukupa shell humo ndani bila hayo mambo ya kubind na PATH. Kama unahudumia Debian tu na diski zako hazina ugonjwa, hiyo ni rahisi zaidi na ndogo zaidi. SystemRescue inashinda pale usipojua ugonjwa ni nini, au una mashine mchanganyiko, leo Debian kesho AlmaLinux keshokutwa Windows ya mtu iliyokufa ana picha za harusi humo. Mimi kazi zangu ziko hivyo kwa hiyo nimeibakiza.

Nyota nne na nusu, hiyo nusu wataipata wakirekebisha PATH. Keneli ya 6.12 ipo bado /usr/src imelala, sijaifuta wala sijaigusa. Flashi nimeinunulia ya pili, nimeibandika kwa selotepu ubavuni mwa raki na karatasi yenye amri zote kwa mpangilio, /boot nimeipigia mstari mara mbili. Yule mzee wa getini alinikuta naibandika akauliza ni nini, nikamwambia ndo dawa yenyewe ya ile mashine. Sasa kila nikipita ananiuliza kama dawa bado ipo.